Sura ya Saba: Mbwa Mdogo Asiyepukutisha Manyoya na Matunzo Yake

Swali ambalo wafugaji wapya wa mbwa wadogo wenye manyoya marefu huuliza mara kwa mara ni hili: ikiwa mbwa huyu alinunuliwa kwa sababu hapukutishi manyoya, inakuwaje baada ya miezi michache ananuka, anajikuna usiku kucha na manyoya yake yameshikamana mabonge mabonge, wakati mbwa wa kienyeji wa jirani, ambaye hajawahi kuguswa na chanuo wala kuogeshwa, anang'aa? Swali hili ni la haki, na jibu lake linaanzia pale pale kwenye sifa iliyomfanya mbwa huyo apendwe. Manyoya yasiyodondoka sakafuni hubaki mwilini, na kwa kuwa mbwa mwenyewe hawezi kuyaondoa, ni lazima pawepo mtu wa kuyaondoa kwa mkono. Nyumba inayokwepa kufagia manyoya imejitwika kazi ya kuchana, na asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo angefanya vyema kulijua jambo hili kabla ya kulipa fedha.

Kwa nini manyoya mengine hudondoka na mengine hayadondoki

Kila unyoya huota kutoka katika kinyweleo, yaani kitundu kidogo kwenye ngozi ambamo mzizi wa unyoya umekaa, na kila kinyweleo hupitia vipindi vinavyojirudia: kipindi cha ukuaji, ambapo unyoya unarefuka; kipindi kifupi cha mpito; na kipindi cha mapumziko, ambapo unyoya haukui tena bali unasubiri kusukumwa nje na unyoya mpya. Kwa mbwa wa kienyeji wa Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kwa mbwa walinzi kama German Shepherd, sehemu kubwa ya manyoya iko katika mapumziko kwa muda mrefu, hivyo hufikia urefu fulani, husimama, kisha huanguka na kuondoka na vumbi na uchafu ulioyashika. Kwa Poodle, Maltese na Yorkshire Terrier kipindi cha ukuaji ni kirefu mno, hivyo unyoya huendelea kurefuka, kama nywele za kichwani mwa binadamu, mpaka ukatwe au ukatike wenyewe.

Tofauti hizi ni za kurithi. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza zaidi ya mbwa elfu moja wa mbegu 80 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa duniani inatokana na jeni tatu tu, jeni ikiwa ni kipande cha maelekezo ya mwili ambacho mzazi humwachia mtoto: moja huamua urefu, ya pili huamua kama manyoya yatajikunja, na ya tatu huotesha masharubu na nyusi nene, na hiyo ya tatu inahusishwa pia na kupungua kwa kupukutika. Ndiyo maana mbwa mwenye masharubu na nyusi mara nyingi huwa pia mbwa asiyechafua zulia.

Hata hivyo, hakuna mbwa mwenye manyoya ambaye hapukutishi kabisa. Hata Poodle hupoteza manyoya kila siku, ila yale yaliyokufa, badala ya kufika sakafuni, hunaswa na mikunjo ya yale yaliyo hai. Yakikaa humo wiki mbili au tatu bila kuchanwa, yanaanza kusokotana, na hapo ndipo matatizo yote yanayofuata katika sura hii yanapoanzia.

Ni mbwa gani hasa wanaozungumziwa

Wanunuzi wengi hutaja mbwa hawa kwa jina moja la jumla, mbwa wa manyoya, ilhali mbegu zao zinatofautiana na matunzo yao pia.

- Maltese ni mweupe, ana uzito usiozidi kilo 3 na ushei, na manyoya yake ni ya safu moja, laini kama hariri, yasiyo na manyoya mafupi ya ndani.
- Yorkshire Terrier ana uzito wa karibu huohuo, na manyoya yake ya rangi ya chuma na dhahabu hukatika kwa urahisi yakikauka.
- Shih Tzu, mwenye asili ya Tibeti na China, ana kilo 4 hadi 7, uso bapa na safu mbili za manyoya, moja ya nje na nyingine laini ya ndani.
- Poodle mdogo na Bichon Frise wana manyoya ya kujikunja, ambayo hunasa uchafu kuliko yote na husokotana upesi kuliko yote.

Mbwa mwingine mweupe anayependwa sana Kenya, na ambaye wakati mwingine huvushwa hadi upande wa Tanzania, ni Japanese Spitz, na hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho kwa sababu mbwa huyu hayumo katika kundi hili. Ana safu nene ya ndani na hupukutisha sana, hasa anapobadilisha manyoya. Kumnyoa karibu na ngozi kwa kudhani kwamba atapata nafuu ya joto ni kosa, kwa sababu kwa mbwa wa namna yake manyoya yaliyonyolewa yanaweza kuchukua miezi mingi kurudi, na wakati mwingine hurudi yakiwa na mabaka. Mbwa chotara, yaani aliyezaliwa na wazazi wa mbegu mbili, hana uhakika wowote: katika uzao mmoja wa Maltese na Spitz, mtoto mmoja anaweza kupukutisha na mwingine asipukutishe.

Lipo pia dai kwamba mbwa hawa hawasababishi mzio, yaani mwitikio wa mwili unaoleta mafua, macho kuwasha au kubanwa kifua. Dai hilo halina msingi imara. Kinachosababisha mzio ni protini zilizomo katika mate na katika chembe za ngozi kavu ya mbwa, wala si unyoya wenyewe. Utafiti uliofanyika katika nyumba za eneo la Detroit, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011 haukukuta tofauti ya kiasi cha protini hizo kati ya nyumba zenye mbwa wanaosifiwa hivyo na zile zenye mbwa wengine. Familia yenye mtoto mwenye pumu isimnunue mbwa kwa kutegemea sifa hiyo. Imkalie karibu kwanza, kwa saa kadhaa na zaidi ya mara moja, ndani ya chumba.

Holili, Himo, Marangu: mlima mmoja, hali tofauti

Vitabu vingi vya matunzo ya mbwa hawa vimeandikwa kwa ajili ya nyumba zenye zulia, baridi kali na maji ya moto ya bomba. Mfugaji wa Holili anaishi katika mazingira mengine kabisa. Mji huu wa mpakani mwa Tanzania na Kenya, ulio Wilaya ya Rombo, chini ya mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, una joto na ukavu, na barabara ya Himo kwenda Taveta hupitisha malori mchana na usiku kuelekea kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2016. Eneo hilo pia lina machimbo ya pozolana, mawe ya majivu ya volkano yanayosagwa na kuchanganywa katika saruji, na vumbi lake jepesi hupenya kila mahali. Vumbi la namna hiyo likiingia katika manyoya marefu yenye mafuta ya asili ya ngozi, hugeuka kuwa utando wa kijivu unaoyakausha na kuyafanya yashikane.

Kuna na mimea. Baada ya mvua za vuli na za masika, kando ya njia na mashambani huota kishona nguo, ule mmea ambao mbegu zake nyembamba nyeusi zina vijimeno viwili au vitatu kichwani na hung'ang'ania suruali ya kila apitaye. Juu ya mbwa wa kienyeji mbegu hizo hudondoka zenyewe kwa sababu manyoya yake ni mafupi na yamenyooka. Juu ya Shih Tzu mbegu moja huvuta manyoya ya pembeni, mbwa anajilamba, mate yanalowesha, na kufikia jioni pana fundo lenye mwiba katikati. Mbigili hukaa kati ya vidole. Mbegu za nyasi zenye ncha kali ni hatari zaidi, kwa maana zinaweza kupenya ngozi ya kati ya vidole au kuingia ndani ya sikio, na zikishaingia hazirudi nyuma kwa sababu vimeno vyake vimeelekea upande mmoja.

Ukipanda kuelekea Marangu, Mamba au Mkuu, vumbi linapungua na tope linaanza. Udongo wa volkano wa mlimani hunata wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na Juni na Julai ukungu na baridi hufanya mbwa aliyelowa akae na unyevu siku nzima. Katika vihamba, utomvu wa migomba, ule unaoacha doa jeusi lisilotoka katika shati jeupe, huacha doa hilohilo katika manyoya meupe ya Maltese anayepita chini ya migomba iliyotoka kukatwa, na dawa pekee ya doa hilo ni mkasi. Kando ya mifongo, ile mifereji ya asili ya umwagiliaji ya Wachaga, mbwa mdogo hulowa tumbo na miguu mara nyingi kwa siku.

Wanaopata taabu zaidi ni mbwa wanaopandishwa mlimani mwezi Desemba, wakati familia za Kichaga kutoka Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko zinaporudi nyumbani kwa Krismasi. Mbwa aliyezoea sakafu ya vigae anaachiwa shambani na watoto kwa wiki mbili, kipindi hicho hicho mvua za vuli zimeacha majani yamestawi, na hakuna anayekumbuka chanuo kwa sababu nyumba imejaa wageni. Ushauri wa maana hapa ni mmoja: mbwa anyolewe kabla ya safari. Kwa wanaovuka mpaka wa Holili na mbwa wao, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na kibali cha kuingiza mnyama ni mambo ya kushughulikiwa mapema, kabla ya kufika dirishani.

*Kwa ufupi: mbwa hawa hupukutisha kidogo kwa sababu manyoya yao hukua kwa muda mrefu na yaliyokufa hunaswa ndani, na vumbi, mbegu za majani na unyevu wa mlimani huharakisha kusokotana.*

Fundo na madhara yake

Fundo ni bonge la manyoya hai na mafu yaliyosokotana hadi chanuo lisiweze kupita. Watu wengi hulichukulia kuwa jambo la sura tu, na hilo ndilo linalosikitisha, kwa sababu fundo linauma. Kila mbwa anapopiga hatua, fundo lililo kwapani huvuta ngozi. Anapokaa, lile la kinena huvuta. Anapogeuza kichwa, lile la nyuma ya sikio huvuta. Chini yake hewa haipiti, unyevu na maji ya kuoga hubaki, bakteria huongezeka, na ngozi huwa nyekundu kisha huchubuka. Fundo lililo karibu na njia ya haja kubwa likichafuka, nzi hutaga mayai humo, na mabuu yakianguliwa huanza kula ngozi hai. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimsababishie mateso yasiyo ya lazima, na mbwa aliyeachwa hadi manyoya yake yawe gamba moja hakika yuko katika mateso.

Mafundo huanza mahali panapojulikana: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, chini ya ukosi wa shingoni, nyuma ya mapaja na kwenye shina la mkia. Huongezeka ghafla mbwa anapofikisha kati ya miezi 9 na 12, wakati manyoya laini ya utotoni yanapopishana na ya utu uzima, na wenye mbwa ambao hadi hapo walikuwa wakichana mara moja kwa wiki bila shida hushangaa kuona mbwa yuleyule amesokotana ndani ya siku nne.

Kuchana: kazi ambayo haina mbadala

Vifaa vinavyohitajika ni viwili. Cha kwanza ni brashi ya nyaya laini zilizopinda kidogo, inayotumika kulegeza manyoya. Cha pili, na muhimu zaidi, ni kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na membamba upande mwingine. Kitana cha plastiki cha nywele za watu hujipinda na kuruka juu ya fundo bila kulitambua.

Kosa linalofanywa na karibu kila anayeanza ni kuchana juu juu. Brashi inapita juu ya mgongo, manyoya yanapendeza, mbwa anapigwa picha, kumbe sentimita mbili chini, karibu na ngozi, yamekwisha kuwa mkeka. Njia sahihi ni kuchana mstari kwa mstari: mbwa analazwa ubavu, mkono mmoja unainua manyoya yote kuelekea juu hadi ngozi ionekane kama njia nyembamba, kisha mkono mwingine unashusha manyoya kidogo kidogo na kuyachana kuanzia ngozini hadi nchani, halafu mstari unaofuata, mpaka ubavu mzima uishe. Mwisho kitana cha chuma kinapitishwa kila mahali, na kikikwama, kazi haijaisha. Kwa mbwa mwenye manyoya marefu kazi hii ni ya kila siku, dakika 10 hadi 15. Kwa aliyenyolewa mfupi inatosha mara mbili au tatu kwa wiki.

Fundo dogo hushikwa kwa vidole kwenye shina lake, kati ya fundo na ngozi, ili ngozi isivutwe, kisha hupasuliwa taratibu kwa vidole na kwa ncha ya kitana kuanzia nje kwenda ndani; wanga wa mahindi kidogo husaidia manyoya kuteleza. Kukata fundo kwa mkasi ulioelekezwa kwenye ngozi ni hatari kubwa, kwa sababu fundo huinua ngozi na kuiingiza katikati ya makali bila mtu kuiona. Mbwa afundishwe kuchanwa tangu akiwa na wiki 8, kwa muda mfupi na kwa kupewa kitu kitamu, kwani mbwa aliyeguswa miguu na masikio tangu utotoni si rahisi ang'ate mtu anapokuwa mkubwa.

Kuogesha

Mbwa huchanwa kwanza, ndipo huogeshwa. Kanuni hii ikivunjwa, maji hukaza mafundo na yakikauka huwa magumu kuliko awali. Kwa Holili, kuogesha mara moja kila wiki tatu au nne kunatosha kwa mbwa wengi, ingawa miguu na tumbo vinaweza kusuuzwa kila inapohitajika.

Sabuni ya mche na sabuni ya unga, ambazo hutumika katika nyumba nyingi, hazifai. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya binadamu, na sabuni za kufulia ni kali kiasi cha kuondoa mafuta yote ya kinga, hivyo mbwa huanza kujikuna kwa ukavu, mwenye mbwa hudhani ni viroboto, naye humwogesha tena kwa sabuni ileile. Shampuu ya mbwa, ikichanganywa na maji katika chupa kabla ya kupakwa, huenea vizuri na husuuzika upesi. Maji yawe ya uvuguvugu, yasiingie masikioni, na kusuuza kuendelee mpaka maji yatoke meupe, kwani mabaki ya shampuu huwasha.

Taulo hukandamizwa tu, haisuguliwi, na manyoya huchanwa yakiwa yanakauka. Holili jua la saa sita huisaidia kazi hii, mradi mbwa awe na kivuli cha kukimbilia. Marangu mwezi Julai mbwa hapaswi kuogeshwa bila kifaa cha kukaushia nywele kilichowekwa kwenye joto la chini, au angalau chumba chenye moto na taulo mbili kavu.

Mikato ya kuchagua

Hapa ndipo mwenye mbwa anapofanya uamuzi mkubwa, na uamuzi huo upimwe kwa muda alio nao kuliko picha alizoziona.

- Mkato mfupi wa mwili mzima huacha manyoya ya sentimita 1 hadi 1.5 na hurudiwa kila baada ya wiki 6 hadi 8.
- Mkato wa kati huacha sentimita 2.5 hadi 4, huhitaji kuchana karibu kila siku na kunyolewa kila wiki 4 hadi 6.
- Manyoya marefu hadi sakafuni ni ya mbwa wa maonyesho anayeishi ndani.
- Mkato wa usafi huondoa tu manyoya ya tumboni, kinenani, kuzunguka njia ya haja kubwa na kati ya nyayo, na hufanywa katikati ya mikato mingine.

Kwa mazingira ya Holili na Himo, mkato mfupi ndio unaostahili kupendekezwa bila kusita. Wapo wanaoona kwamba Shih Tzu aliyenyolewa amepoteza hadhi yake, lakini mbwa mwenyewe hajui hadhi hiyo. Anachojua ni kwamba anaweza kukimbia, kulala na kujikuna bila kuvutwa ngozi. Manyoya yasinyolewe hadi ngozini, hasa kwa mbwa weupe, kwa kuwa ngozi yao ya waridi huungua kwa jua. Ikumbukwe pia kwamba mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na Shih Tzu mwenye pua fupi huhema kwa shida, hivyo mkato haumwondolei haja ya kivuli na maji ya kunywa.

Swali linalofuata ni nani atanyoa. Wanaofanya kazi hii kwa utaalamu wanapatikana kwa urahisi zaidi Arusha, Dar es Salaam na Nairobi kuliko katika miji midogo ya mlimani, na ndiyo sababu baadhi ya wenye mbwa huenda kwa kinyozi wa mtaani. Jambo hili linahitaji kukemewa wazi. Mapunye, ugonjwa wa fangasi unaoacha maduara yasiyo na nywele, una aina inayopita kutoka kwa mbwa na paka kwenda kwa watu, hasa watoto, na mashine moja ikinyoa mbwa asubuhi na mtoto wa shule jioni inaweza kuubeba. Isitoshe, mashine ya nywele za watu huwa dhaifu kwa manyoya mazito; huvuta, hupata moto na kuchoma ngozi.

Nyumba yenye mbwa wa aina hii ingefaidika kwa kununua mashine yake yenyewe ya wanyama. Wembe wa mashine hizi hupewa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo unavyonyoa karibu na ngozi: namba 10 huacha karibu milimita 1.5 na hutumika tumboni na nyayoni, namba 4 huacha karibu milimita 9 na hufaa mwilini. Kila baada ya dakika chache wembe uguswe kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono; ukichoma mkono, utamchoma mbwa. Kunyoa hufuata mwelekeo wa manyoya, ngozi ikiwa imenyooshwa kwa mkono wa pili.

Macho, masikio, kucha na meno

Michirizi ya kahawia chini ya macho ya mbwa mweupe hutokana na rangi iliyomo katika machozi. Hufutwa kila siku kwa kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa na kupoa, na manyoya yanayoingia machoni hukatwa kwa mkasi wenye ncha ya duara. Jicho linalofumbwa au kutoa usaha ni la daktari. Masikio hukaguliwa kila wiki, na pamba ya kijiti haiingizwi ndani. Manyoya ya ndani ya sikio lenye afya hayana haja ya kung'olewa. Kucha hukatwa kila wiki tatu au nne, kidogo kidogo, kwa sababu ndani ya kila kucha pana nyama yenye mshipa wa damu, na kucha ya kidole cha pembeni, isiyogusa ardhi, isisahauliwe kwani hujikunja na kuchoma nyama. Mbwa wadogo hupata ugonjwa wa ufizi mapema, hivyo meno yao yasuguliwe kwa dawa ya meno ya mbwa. Dawa ya meno ya watu isitumike.

Kupe, funza na hatari ya dawa ya josho

Manyoya marefu ni maficho. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayeweza kuzaana hata ndani ya nyufa za nyumba, hubeba vimelea vya babesiosi, vinavyoharibu chembe nyekundu za damu, na vya erlikiosi, vinavyoshambulia chembe nyeupe. Mbwa hukosa hamu ya kula, hupata homa, ufizi hupauka, na mbwa wa kilo 3 hana akiba ya mwili ya kungojea. Kila kuchana ni nafasi ya kutafuta: ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani na chini ya mkia. Kupe hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa wima bila kupinda. Hapakwi mafuta ya taa wala hachomwi. Katikati ya nyayo huangaliwa pia funza, ambao huwapata mbwa kama wanavyowapata watu.

Jambo la hatari kuliko yote katika sura hii ni kumwogesha mbwa mdogo kwa dawa ya josho la ng'ombe. Katika nyumba za mlimani zenye ng'ombe wa ndani, chupa ya dawa hiyo iko karibu, na huonekana busara kumpaka na mbwa. Dawa nyingi za aina hii zina amitrazi au oganofosfeti, kemikali zinazoua kupe kwa kuvuruga neva, na vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa ni vya mnyama wa mamia ya kilo. Mbwa mdogo ana ngozi kubwa ukilinganisha na uzito wake, manyoya yake hushikilia dawa, kisha hujilamba na kuimeza. Akianza kulegea, kutoa mate mengi, kutetemeka au kuyumba, asuuzwe mara moja kwa maji mengi na apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa iliyotumika. Dawa zenye pemethrini, iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, huvumiliwa na mbwa zikiwa katika kipimo chake, lakini zinaweza kumuua paka anayelala naye. Mbwa mdogo atumie dawa iliyoandikiwa mbwa na kupimwa kwa uzito wake wa siku hiyo.

Yeyote anayeng'atwa wakati wa kuchana au kunyoa, hata na mbwa wake mwenyewe, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana huwa hauponi.

Mbwa aliyekwisha kusokotana mwili mzima

Wengine watasoma sura hii wakiwa tayari na mbwa ambaye hakuna kitana kinachopita popote. Kujaribu kuokoa manyoya ya mbwa huyo ni kumtesa kwa saa nyingi kwa ajili ya kitu kitakachoota tena. Anyolewe yote, na ikiwa gamba limeshikamana na ngozi, kazi ifanywe na daktari wa mifugo anayeweza kumpa dawa ya usingizi. Mwenye mbwa ajiandae kuona ngozi nyekundu, vidonda, pengine kupe na mbegu za majani. Masikio yaliyokuwa yamebanwa yaangaliwe kwa siku kadhaa, kwa sababu damu ikirudi kwa kasi mbwa anaweza kutikisa kichwa hadi mshipa upasuke na sikio lijae damu. Kitambaa laini kinachozungushwa kichwani bila kubana shingo huzuia hilo. Akae kivulini wiki mbili za kwanza, na usiku avalishwe fulana kama ni mlimani. Manyoya hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na kitana kianze kupitishwa tangu wiki ya kwanza ngozi inapopona, hata kama hakuna cha kuchana, ili mbwa aliyejua chanuo kwa maumivu ajifunze upya.